Kufuatilia Seli Shina Zinavyobobea Bila Kuziharibu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa tena na tena na wanafunzi wa maabara, mafundi wa kuotesha seli na watafiti wanaoingia kwenye fani hii kutoka uhandisi au fizikia. Ukiwa mgeni kabisa, anzia juu. Ukiwa tayari una seli ndani ya inkubeta na kuna jambo linakusumbua, nenda moja kwa moja sehemu ya vitendo.

## Mambo ya msingi

Seli shina kubobea maana yake nini?

Seli shina ina uwezo wa aina mbili: kujizalisha ikabaki vilevile, na kugeuka kuwa seli yenye kazi maalumu kama ya mfupa, ya moyo, ya neva au ya mafuta. Kugeuka huko ndiko kubobea. Jeni fulani huzimwa, nyingine huwashwa, na kadiri siku zinavyopita umbo la seli, chakula inachotumia na vitu inavyotengeneza hubadilika.

Seli zinazooteshwa sana ni za makundi matatu. Kuna seli shina za kiinitete cha binadamu, zilizopatikana kwa mara ya kwanza mwaka 1998 na kikundi cha James Thomson nchini Marekani. Kuna seli za kawaida zilizorudishwa kwenye ushina, njia iliyobuniwa na Shinya Yamanaka wa Japani kwa seli za panya mwaka 2006 na za binadamu mwaka 2007. Na kuna seli shina za mesenkaima zinazotolewa kwenye uboho, mafuta au kitovu, ambazo hubobea hasa kuwa mfupa, gegedu na mafuta.

Kwa nini vipimo vya kawaida haviniruhusu kuendelea na seli zilezile?

Kwa sababu karibu vyote huua. Ili kutia rangi nyekundu ya alizarini inayoonyesha kalsiamu ya mfupa, lazima seli zigandishwe kwa kemikali kwanza. Rangi ya mafuta ni hivyohivyo. Kupima RNA, yaani nakala za jeni zinazowaka, kunataka seli zipasuliwe. Kutambua protini za ndani kwa kingamwili kunataka utando utobolewe.

Kwa hiyo mtu anayefuatilia seli za mfupa kwa siku 21 huandaa vishimo vingi vinavyofanana (vile vijitundu vya sahani ambamo seli huoteshwa), akaua vichache siku ya 7, vingine siku ya 14, vingine siku ya 21, kisha akaunganisha matokeo kama vile ni kisa cha kundi moja. Ni sawa na kufukua mbegu kila juma uone kama imeota: utajua mbegu uliyoifukua imefikia wapi, lakini hiyo haitaendelea tena. Na vishimo havifanani kama tunavyotamani. Kimoja huanza na seli nyingi zaidi, kingine kiko pembeni mwa sahani na hukauka haraka. Tofauti hizo zote huingia kwenye mchoro wako zikijifanya ni mabadiliko ya wakati.

“Bila kuharibu” kunahesabu nini na kunaacha nini?

Kwa maana kali, ni kipimo kisichoongeza chochote kwenye seli, kisichotoa chochote ndani yake, na kinachoziacha ziendelee kana kwamba hujapita. Hadubini ya mwanga hafifu, ukinzani wa umeme, mng'ao wa asili wa seli, spektroskopia ya Raman na upimaji wa midia (kimiminika kinacholisha seli) iliyokwisha kutumika vyote vimo.

Seli zilizopachikwa jeni ya protini inayong'aa kijani ziko mpakani. Hazifi, unaweza kuzitazama siku nzima, na kazi ya ugunduzi na uendelezaji wa protini hiyo ilipata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2008. Lakini umeshagusa jenomu yake. Kwa utafiti ni chombo kizuri mno. Kwa seli zitakazowekwa ndani ya mgonjwa, mimi naziweka nje ya hesabu.

Je, mbinu hizi zinaweza kuniambia hii ni seli ya aina gani?

Peke yake, hapana, na hili ndilo jibu ninaloomba usome mara mbili. Mbinu hizi hupima hali: umbo, mshikamano, umetaboli (jinsi seli inavyotumia chakula chake), kemia ya jumla. Utambulisho wa seli uko kwenye jeni zinazowaka na protini zinazotengenezwa. Hali na utambulisho huenda pamoja mara nyingi, ila si kila mara. Seli yenye njaa, seli iliyochoka na seli inayobobea zinaweza kutoa ishara zinazokaribiana.

Nguvu ya mbinu hizi iko kwingine: zinakuwezesha kufuata kundi moja la seli kuanzia saa ya kwanza mpaka ya mwisho. Swali la kuuliza kabla ya kununua kifaa chochote ni hili: katika aina ya seli ninayoitaka, ni kitu gani cha kimwili kinachobadilika kweli, na ni chombo gani kinachokiona kitu hicho? Majibu mengi hapa chini yanarudi kwenye swali hilo.

## Mbinu zenyewe

Nikiwa na hadubini ya kawaida tu, naweza kuona nini?

Mengi kuliko watu wanavyofikiri. Hadubini ya fezi, aliyoibuni Frits Zernike na kumpatia Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1953, ilitengenezwa kwa kazi hii hasa: kuona seli hai zisizo na rangi.

Tazama koloni la seli zilizorudishwa kwenye ushina. Zimebanana, ukingo wa koloni ni mkali na laini, kila seli ina kiini kikubwa na nukleoli zinazoonekana wazi, na sehemu inayozunguka kiini ni nyembamba. Zinapoanza kubobea, ukingo ndio husema kwanza: hulegea, seli za pembeni hutanuka, hupata nafasi kati yao na kuwa bapa. Fundi mzoefu huiona dalili hiyo kabla kipimo chochote cha jeni hakijafanyika.

Seli za mafuta nazo hujitangaza. Seli ya mesenkaima iliyokuwa ndefu na nyembamba hujikusanya, kisha vitone vidogo vinavyong'aa huchomoza ndani yake. Siku zinavyokwenda vitone huongezeka, huungana na kuwa vikubwa. Seli za moyo haziachi nafasi ya ubishi: katika taratibu nyingi zinazotumiwa leo, kati ya siku ya 7 na ya 10 unaona vipande vya sahani vikianza kudunda vyenyewe. Tabaka la rangi la nyuma ya retina hupata weusi wa melanini na seli zake hupangika kama vigae vyenye pembe sita. Hapo wingi wa mwanga unaofyonzwa ni kipimo halali kabisa.

Palipo pagumu ni mfupa katika siku zake za mwanzo, gegedu, na aina mbalimbali za neva zinazofanana kwa sura. Huko umbo halitoshi.

Ukinzani wa umeme unapima nini hasa?

Seli huoteshwa juu ya elektrodi ndogo za dhahabu, mkondo dhaifu sana wa kubadilika hupitishwa, na kifaa kinasoma jinsi seli zinavyouzuia. Njia hii ilielezwa mwaka 1984 na Ivar Giaever na Charles Keese. Giaever alikuwa tayari mshindi wa Nobel ya Fizikia ya mwaka 1973 kwa kazi tofauti kabisa.

Masafa ndiyo siri yake. Katika masafa ya chini, kilohezi chache, mkondo hupenya kati ya seli na seli na chini ya seli, kwa hiyo unasoma mshikamano wao na jinsi zilivyoshika sahani. Katika masafa ya juu mkondo hukatiza seli zenyewe, na unachosoma zaidi ni eneo lililofunikwa. Mtu anayerekodi masafa mamoja tu huchanganya “seli zimeongezeka” na “seli zimebadilika”. Mwaka 2011 watafiti walionyesha kwamba seli shina zilizotolewa kwenye mafuta, zilizosukumwa kwenda mfupa na zile zilizosukumwa kwenda mafuta hutofautiana kwa njia hii zikiwa bado hai.

Faida kubwa ni kwamba unapata namba kila dakika chache, usiku na mchana, bila kufungua inkubeta. Udhaifu ni kwamba namba hiyo ni wastani wa seli zote zilizo juu ya elektrodi. Kwa seli zinazojenga ukuta, kama za tabaka la nyuma ya retina au za mishipa ya ubongo, binamu wa mbinu hii hupima ukinzani wa tabaka zima kutoka juu hadi chini, na hiyo ni ishara ya karibu sana na kazi ya seli yenyewe.

Seli zinang'aaje zenyewe, na mng'ao huo unasema nini?

Ndani ya seli kuna molekuli mbili za umetaboli zinazong'aa bila kutiwa rangi. NADH humulikwa kwa mwanga wa takriban nanomita 340 na kutoa mwanga karibu na 460. FAD humulikwa karibu na 450 na kutoa karibu na 530. NAD iliyokwisha kuoksidishwa haing'ai, wala FAD iliyopokea hidrojeni. Kwa hiyo uwiano wa mng'ao wa molekuli hizi unaeleza hali ya oksidisho na upunguzaji ndani ya seli.

Seli zilizo kwenye ushina kamili hutegemea sana kuvunja glukosi bila oksijeni. Nyingi zikibobea, mitokondria (viwanda vya nishati vya seli vinavyotumia oksijeni) hushika kazi na uwiano huhama. Ukiwa na kifaa cha kupima muda wa mng'ao, unapata jambo la ziada: NADH iliyo huru huzimika kwa takriban nanosekunde 0.4, na iliyoshikamana na vimeng'enya hudumu nanosekunde 2 na zaidi. Kadiri seli inavyoegemea mitokondria, sehemu iliyoshikamana huelekea kuongezeka.

Tahadhari mbili. NADPH, molekuli ndugu ya NADH, hung'aa sawasawa nayo, huwezi kuzitenganisha kwa rangi. Na maabara hazikokotoi uwiano kwa fomula moja: kuna wanaogawa FAD kwa jumla ya zote mbili, wengine hugeuza juu chini. Kabla ya kulinganisha mchoro wako na wa mwingine, soma fomula yake.

Spektroskopia ya Raman inafaa wapi?

Inafaa panapozaliwa kitu chenye kemia ya kipekee. Leza humulika seli, sehemu ndogo mno ya mwanga hurudi ikiwa imebadilika nishati, na mabadiliko hayo ni alama ya vifungo vya kemikali. Jambo lenyewe liligunduliwa na C. V. Raman nchini India mwaka 1928.

Mfupa ndio mfano bora. Madini yake yana fosfati inayotoa kilele kikali karibu na 960 kwa sentimita, na kilele hicho hukua siku baada ya siku mbele ya macho yako. Mafuta huonekana karibu na 1440 na tena karibu na 2850. Seli zilizo kwenye ushina huwa na asidi nukleiki nyingi ukilinganisha na protini, na uwiano huo hushuka zinapobobea.

Ila kilele cha 960 si cheti cha mfupa. Midia ya mfupa huwekwa beta-gliserofosfati, na ikizidi, fosfati ya kalsiamu inaweza kujiganda yenyewe bila seli kujenga chochote. Tafuta pia alama za kolajeni, protini ya nyuzi ambayo seli hujenga, mahali palepale. Madini yaliyolala juu ya kolajeni yana hadithi tofauti na chembe zilizotua ovyo kwenye plastiki.

Kupima midia iliyotumika si ni kazi ya kizamani?

Ni ya zamani, na bado ndiyo ninayompendekezea kila anayeanza. Midia unaibadilisha hata hivyo. Badala ya kuimwaga, ipime.

Glukosi na laktati peke yake zinaeleza mengi. Molekuli moja ya glukosi ikivunjwa bila mitokondria hutoa laktati mbili. Ukiona uwiano uko karibu na 2, seli zako ziko kwenye njia hiyo karibu kabisa. Ukishuka taratibu huku idadi ya seli ikiwa ileile, mitokondria zimeanza kuchukua zamu.

Kisha kuna vitu vinavyotolewa na seli iliyobobea tu. Seli za ini hutoa albumini. Seli za kondo hutoa homoni ileile inayopimwa kwenye vipimo vya ujauzito. Kwa seli za beta za kongosho pima peptidi C, usipime insulini, kwa sababu midia nyingi huja zikiwa na insulini tayari na utakuwa unapima ulichomimina mwenyewe. Peptidi C hutoka pamoja na insulini, kwa idadi sawa, na hakuna anayeiongeza kwenye chupa.

Akili mnemba inaweza kusoma picha zangu badala yangu?

Inaweza, na mara nyingi huona mapema kuliko jicho. Mtandao wa akili mnemba uliofunzwa kwa picha za fezi hujifunza mpangilio, chembechembe na kingo ambazo hatuna hata majina yake. Hatari ni kwamba hujifunza pia visivyohusu. Picha zote za seli zilizobobea zikipigwa siku ya 14 na zote za seli shina siku ya 2, mtandao unaweza kuwa unatambua msongamano wa seli tu. Upe picha za seli shina zilizosongamana na za seli zilizobobea zilizotawanyika, na uujaribu kwa kundi lililooteshwa na mtu mwingine kutoka kwa mtoaji mwingine wa seli. Mtandao ukifeli hapo, haujajifunza unachotaka.

## Vitendo

Nianze na mbinu ipi?

Rudi kwenye swali la nini kinabadilika kimwili. Moyo: video ya kawaida, halafu elektrodi zinazosoma mapigo ya umeme. Mafuta: hadubini ya fezi. Mfupa: Raman kama unayo, ukinzani kama huna. Tabaka la retina: mwanga unaofyonzwa pamoja na ukinzani wa tabaka. Ini na kongosho: midia. Neva: elektrodi nyingi, maana neva isiyotoa ishara ya umeme haijakomaa hata kama ina sura ya neva.

Je, niache vipimo vinavyoua?

Usiviache. Vipunguze na uvipange vizuri. Fuatilia vishimo vyote bila kuviharibu, kisha ua vichache katika nyakati ambazo ishara yenyewe imekuonyesha kuna jambo: pale mstari ulipopinda, pale ulipotulia. Vipime jeni na protini papo hapo. Baada ya mizunguko kadhaa yenye seli za watoaji tofauti utajua mpindo ule una maana gani kwa seli zako. Bila hatua hiyo una mchoro mzuri usio na tafsiri.

Mwanga na leza havidhuru seli?

Vinaweza. Mwanga wa nanomita 340 unaoamsha NADH ni mionzi ya urujuanimno, na ukirudiwa siku nyingi huharibu DNA. Ndiyo maana wengi hutumia leza ya fotoni mbili karibu na nanomita 740, inayoamsha molekuli kwenye kitovu cha mwanga tu. Nayo ina kikomo chake. Weka vishimo visivyomulikwa kabisa, uvioteshe sambamba, na mwisho linganisha idadi, umbo na jeni. Kama vinatofautiana na vilivyomulikwa, mbinu yako inaharibu, hata ikiwa kwenye makala imeandikwa vinginevyo.

Kwa nini ishara yangu imeruka ghafla?

Mara nyingi si seli. Angalia kama sahani ilitolewa inkubeta: joto likishuka, upitishaji umeme wa midia hushuka na ukinzani hupanda papo hapo. Angalia kama midia ilibadilishwa saa hiyo. Angalia mvuke kwenye kifuniko. Karibu na kuta za kishimo uso wa midia hujipinda na kuvuruga hadubini ya fezi, hivyo chukua picha katikati. Vishimo vya pembeni hukauka, chumvi hupanda. Ikiwa sababu hizi zote hazipo na vishimo kadhaa vimeruka pamoja, hapo sasa zifikirie seli.

Midia na sahani zinaweza kuficha ishara?

Ndiyo, na hili huwagharimu watu miezi. Fenoli nyekundu, ile inayoipa midia rangi yake, hung'aa na kuongeza kelele kwenye mng'ao wa asili na kwenye Raman. Tumia midia isiyokuwa nayo wakati wa kupima. Plastiki ya polistirini ina kilele kikali cha Raman karibu na 1001, kinachokaa juu kabisa ya kile cha fenilalanini cha takriban 1003. Kwa Raman, otesha juu ya kwazi au floraidi ya kalsiamu.

## Hali ngumu

Vipi gegedu? Uwiano wangu wa umetaboli hauendi kama ulivyoeleza.

Huenda seli zako ziko sawa. Gegedu haina mishipa ya damu, seli zake huishi penye oksijeni kidogo na hutegemea kuvunja glukosi hata zikishakomaa. Kanuni ya “kubobea ni kuhamia mitokondria” haizihusu kama inavyohusu mfupa au moyo. Kwa gegedu fuata matriki, yaani nyuzi na vitu vingine ambavyo seli hujijengea nje yake. Kumbuka tu kwamba mwanga wa leza unaorudi ukiwa na masafa maradufu huonyesha vizuri nyuzi nene za kolajeni, hasa ya aina ya kwanza. Kolajeni ya aina ya pili iliyojaa kwenye gegedu hutoa ishara dhaifu zaidi.

Na organoidi (vijibonge vya seli vinavyoiga kiungo cha mwili), au seli zilizomo ndani ya jeli?

Mwanga hutawanyika, na kadiri unavyoingia ndani ndivyo picha inavyofifia. Elektrodi za chini huona ngozi ya nje tu. Tomografia ya mwanga hufika ndani zaidi na kukupa umbo na uwazi wa ndani, bila kukuambia kemia. Hapa upimaji wa midia hupata hadhi upya, kwa kuwa vinavyotolewa na seli za ndani navyo huishia kwenye midia, ijapokuwa kwa kuchelewa. Pima pia oksijeni: organoidi kubwa hufa kitovuni, na kitovu kilichokufa huvuruga kila wastani.

Naweza kuthibitisha kwamba hakuna seli shina iliyobaki?

Kwa mbinu hizi, hapana. Seli chache zilizobaki kwenye ushina miongoni mwa maelfu zinaweza kuzaa teratoma (aina ya uvimbe) mwilini, na ishara ya wastani haiwezi kuziona. Hilo linahitaji kipimo chenye makali ya kutosha, kama kutafuta RNA ya LIN28, jeni inayowaka kwenye seli shina, au kuotesha sampuli katika mazingira yanayopendelea seli shina ili zilizobaki zijitokeze. Sampuli hiyo utaipoteza, na ni halali kuipoteza.

Basi zina faida gani kwa seli za tiba?

Ni kwamba kile kitakachoingia kwa mgonjwa ndicho kilichopimwa. Mwaka 2014, mjini Kobe nchini Japani, mgonjwa wa kwanza alipandikizwa jichoni tabaka la seli za retina zilizotokana na seli zake mwenyewe zilizorudishwa kwenye ushina. Tabaka kama hilo ni moja, huwezi kulikata lote ukalitia rangi kisha ulitumie. Kulitazama weusi wake ukienea sawasawa na ukinzani wake ukipanda na kutulia ni ushahidi juu ya tabaka lenyewe, si juu ya ndugu yake aliyeuawa kwenye sahani ya jirani. Vipimo vya usalama vya swali lililotangulia hubaki palepale.